Mwaka wa Bwawa la Ng'ombe

Juzi nilinunua kopo la mafuta ya kukamulia, yale mazito ambayo wafugaji huzipaka chuchu za ng'ombe zisipasuke, na ambayo wengi wetu tulipakwa miguuni kila kiangazi tulipokuwa wadogo. Visigino vyangu vilikuwa vimekauka, ni hivyo tu. Lakini nilipofungua kifuniko pale jikoni ilinibidi nivute kiti nikae. Mtu mwingine angesikia harufu ile akakumbuka zizi. Mimi nilikumbuka kuogelea. Niliwaona wanafunzi wa chuo wamejipanga kwenye ukingo wa maji ya rangi ya chai, wanatetemeka kwa baridi ya asubuhi, na Nyanya anapita nyuma yao na kopo mkononi, anawapaka migongo kwa viganja vyake vigumu, mmoja baada ya mwingine, mpaka wote wanang'aa kama viti vilivyotoka kwa seremala.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu katika chuo cha ualimu kando ya ziwa, nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Kwa miaka yote ya utoto wangu alikuwa pia kocha wa timu ya kuogelea ya chuo hicho. Kazi hiyo hakuiomba. Siku walimu walipokutana kugawana michezo, yeye alikuwa ameomba ruhusa kwenda kwao Ogwedhi, upande wa Migori, kwenye mnada wa ng'ombe. Aliporudi alikuta wenzake wameshajichukulia kandanda, netiboli, voliboli na riadha, na jina lake limeandikwa kwenye ubao wa matangazo mbele ya neno kuogelea. Alikwenda kulalamika. Mkuu wa chuo akacheka, akamwambia ziwa liko pale chini, wanafunzi wengi wamezaliwa ufuoni na wanayajua maji kuliko walimu wote. Kazi yake itakuwa kuhakikisha walioingia wote wametoka.

Basi Baba alichukua mwavuli wake mweusi akateremka ziwani, na kuanzia siku hiyo kila jioni ya muhula alikuwa pale. Mimi nilikuwa namfuata baada ya shule. Hakuwa kocha wa kupiga kelele. Alitembea ufuoni sambamba na muogeleaji, mwavuli begani, macho hayabanduki majini, na muogeleaji alipotoka alimwambia kitu kimoja tu. Mguu wako wa kushoto unalala. Unavuta pumzi kama mtu anayeiba. Ukikaribia kuchoka unaanza kugombana na maji. Aliyeambiwa alirudi majini akajaribu, na mara nyingi alitoka akitabasamu. Nilimwuliza Baba siku moja alijifunzia wapi mambo hayo. Akaniambia alijifunza kwa ng'ombe. Mtoto aliyelelewa malishoni, alisema, anaweza kumwangalia ndama akitembea na kujua ni kwato gani inauma kabla ndama mwenyewe hajaanza kuchechemea.

Jambo moja sikumwuliza, kwa sababu jibu nilidhani ninalo. Baba hakuingia majini hata siku moja. Wakati mwingine mawimbi yalipofika kwenye viatu vyake alirudi nyuma hatua chache, kwa adabu, kama mtu anayempisha mkubwa. Mimi nilielewa hivi: mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi hakuwa akifanya mtihani pamoja nasi, kwa kuwa majibu yote alikuwa nayo kichwani. Baba naye alikuwa ameshamaliza kuogelea. Alikuwa ameogelea kote kulikoweza kuogelewa, na sasa amepumzika. Niliwaambia wenzangu wa darasa la tatu kwamba baba yangu akitaka anaweza kuvuka mpaka Mbita na kurudi kabla uji haujapoa. Waliniamini, maana nilisema bila kupepesa macho, na nilisema bila kupepesa macho kwa sababu nilijiamini.

Miaka ya kwanza timu yake ilishika mkia. Walikwenda kwenye mashindano ya vyuo wakarudi na vyeti vya kushiriki, ambavyo Mama alisema ni risiti za nauli. Mama alikuwa muuguzi wa chuo, na mchango wake kwa timu ulikuwa vidonge vya kichocho kila muhula pamoja na maneno makali. Kisha msichana mmoja wa Mbita akaleta nafasi ya tatu, na mkuu wa chuo akatangaza jina lake gwarideni mara mbili. Mwaka uliofuata walipata medali mbili. Halafu wakaja Apiyo na Ouma, na hapo ndipo hata wapishi wa chuo walianza kuteremka ziwani jioni kutazama.

Apiyo alitoka kijiji cha wavuvi mbele ya Magunga. Alikuwa mpole nchi kavu, na majini alikuwa mtu mwingine kabisa. Alipokuja chuoni aliogelea kichwa kikiwa juu kabisa, kama wanawake wanaovuka na nguo zao utosini, na hata hivyo hakuna aliyemfikia. Muhula mzima Baba alimbembeleza ainamishe kichwa. Siku alipokiinamisha, alipita kama mtu aliyesukumwa, akatoka mbali kule, akageuka kutuangalia kana kwamba ni sisi tuliosogea. Ouma alikuwa wa Homa Bay mjini, mrefu, mwenye maneno mengi, na aliyeweza kuwachekesha watu hata akiwa anakohoa maji. Kwa watu hao wawili na wenzao, Baba alianza kusema, kwa sauti ya chini na nyumbani tu, kwamba mwaka ule kikombe kingeweza kuja.

Ndipo magugu maji yakaja. Watu wa umri wangu waliokulia kandokando ya ziwa hawahitaji kuelezwa. Asubuhi moja ghuba ilikuwa maji, na baada ya muda mfupi ikawa shamba, kijani kibichi mpaka upeo wa macho, na maua ya zambarau juu yake. Mimi niliona ni uzuri mtupu na nikataka kutembea juu yake. Wavuvi walikuwa wakisukuma mitumbwi kwa miti kama watu wanaolima, na jioni moja Ouma alipojaribu kuingia alitoka amevikwa mizizi kichwani na nyoka mdogo amepita begani mwake. Mkuu wa chuo alimwita Baba akamwambia hakuna ubaya wowote kujitoa kwenye mashindano mwaka huo. Apiyo na Ouma walikuwa mwaka wa pili, wa mwisho. Kwao hakukuwa na mwaka mwingine.

Usiku huo Baba hakula vizuri. Mama alimwambia kwa utani awapeleke waogeleaji wake kwa nyanya yangu Ogwedhi, kule hakuna gugu wala samaki, kuna ng'ombe tu na bwawa lao. Mama alikuwa anacheka. Baba aliweka kijiko chini akamwangalia, na Mama akaacha kucheka akasema, hapana, baba Boke, nilikuwa natania.

Chuo kilipofunga kwa likizo tulipanda lori la chuo, Baba na mimi na timu, na magodoro na gunia la mahindi, tukaenda Ogwedhi. Huko nchi inaanza kunyooka kuelekea Narok, na watu huzungumza habari za ng'ombe kama wengine wanavyozungumza habari za shemeji zao. Bwawa lilikuwa chini ya boma la Nyanya: pana, lenye kingo za udongo zilizokanyagwa kwato, na maji ambayo ukitia mkono huoni kidole. Ouma alisimama akalitazama, akamwuliza Baba kwa heshima zote kama hilo ndilo bwawa lenyewe au tunangoja lingine. Apiyo alivua viatu akaingia. Alipoibuka katikati alikuwa wa kahawia mpaka kwenye nyusi, na anacheka.

Sijawahi kuona furaha kama ya likizo ile. Asubuhi na jioni maji yalikuwa ya timu, na mchana yalikuwa ya ng'ombe, na mipaka hiyo ng'ombe hawakuiheshimu sana. Kwa kuwa huoni chini wala mbele, waliogelea macho yamefumbwa, na Baba aliwafundisha kwenda sawa kwa kusikia maji yanavyopita masikioni pande zote mbili. Waliokosea waliibukia miguuni mwa fahali anayekunywa. Wachungaji walianza kuleta mifugo yao mapema ili wapate nafasi nzuri ya kutazama. Wazee walikuja na vigoda vyao. Kila mtu alikuwa na muogeleaji wake, kama vile mtu anavyokuwa na dume lake sokoni, na walibishana kuhusu mabega ya Ouma kwa Kikuria, kwa Kimaasai na kwa Dholuo, mpaka Ouma akaanza kutembea amejinyoosha.

Nyanya ndiye aliyekuwa mkuu wa mambo yote. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno. Kiswahili chake kilikuwa cha mnadani, kifupi na cha kuamuru. Asubuhi ya kwanza alipowaona wageni wake wanatetemeka, alirudi bomani akaleta kopo la mafuta ya kukamulia. "Kuja hapa. Geuka," alimwambia Apiyo, na hapo ibada ile ikaanza. Baada ya kuwapaka alikaa kwenye jiwe kubwa karibu na maji, wala hakuondoka hapo mpaka wa mwisho atoke. Hakuwa akiwatazama sana waogeleaji. Nilidhani anatazama viatu vya Baba, maana kila nilipofuata macho yake niliviona. Nikafikiri labda anaona vinachafuka.

Watoto wa jirani walikuwa wamenizoea, na kama kawaida yangu nilikuwa nimeshawaambia habari za Mbita na uji. Lakini watoto wa Ogwedhi hawakuwa watoto wa Homa Bay. Walitaka kuona. Jioni moja walinisindikiza wote mpaka ukingoni, nami nikamshika Baba mkono mbele ya kila mtu nikamwomba aingie kidogo tu, awaonyeshe, halafu atoke.

Nyanya alisimama kabla Baba hajafungua mdomo. Alisema neno moja kwa Kikuria, si kwa sauti kubwa, na wale watoto wakatawanyika kama kuku. Baba alinishika bega akasema atawaonyesha siku nyingine. Uso wake ulikuwa umebadilika, na nilielewa kwamba nimegusa kitu bila kujua ni nini.

Baadaye, tukiwa tunawarudisha ndama zizini mimi na yeye, aliniambia. Alikuwa na kaka aliyeitwa Chacha. Siku moja walipokuwa wadogo walikuwa wakirudisha ng'ombe nyumbani na Mto Migori ukawa umejaa kwa mvua za juu. Ng'ombe wanajua kuogelea wenyewe, kwa hiyo kila mmoja wao alishika mkia wa ng'ombe wake ili wavutwe. Baba alifika ng'ambo. Alipogeuka alimwona ng'ombe wa Chacha anapanda ukingo, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Nyanya alimwapisha Baba kwamba hatatia mguu kwenye maji mengi mpaka yeye Nyanya aondoke duniani, na Baba alikuwa ameshika kiapo hicho mpaka siku ile.

"Kwa hiyo sijui kuogelea, Boke," aliniambia. "Hata kidogo."

Mbita ilikuwa inarudi mahali pake, mbali, ng'ambo ya maji mengi. Nilimwuliza kwa nini basi hakukataa kazi ile ya ukocha. Akasema alitaka kukataa, lakini siku ya kwanza alipoteremka ziwani na kuwaona vijana wako majini alijikuta hawezi kugeuza shingo, na tangu siku hiyo hajaweza. Akaniomba jambo hilo libaki kati yetu. Wanafunzi wakijua, alisema, watawezaje kumsikiliza? Niliapa. Nilikuwa mtoto wa kwanza kupewa siri kubwa namna ile, na kwa siku zilizobaki nilitembea polepole, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni.

Mashindano yalikuwa Kisumu, kwenye bwawa la shule moja kubwa. Mama alikuwa zamuni, kwa hiyo Baba alinichukua. Tulipofika tulisimama wote kwenye lango. Maji yalikuwa ya buluu, na yalikuwa yametulia, na ungeweza kuona kila kigae chini, mpaka kipini cha nywele ambacho mtu alikuwa amekiangusha. Harufu ya dawa iliwasha pua. Ouma alitia mguu akautoa. "Mwalimu," alisema, "hii maji matope yake iko wapi?" Afisa aliyekuwa akiandikisha timu alituuliza kama chuo chetu kina bwawa. Ouma akajibu tunalo, kubwa, halikauki hata kiangazi. Afisa akauliza lina njia ngapi. Ouma akasema hiyo inategemea ng'ombe wamepitia wapi.

Wenzetu walikuwa na nguo za kuogelea za dukani, nyepesi, zinazobana. Za kwetu zilikuwa zimeshonwa na fundi mmoja sokoni Homa Bay, mzee Mwislamu mwenye heshima zake, ambaye alikubali kushona za wasichana kwa sharti kwamba ziwe na mikono na zifike magotini. Zilikuwa za kijani kama magugu. Watu walitutazama, wengine wakaziba midomo.

Na asubuhi ile walikuwa na haki ya kucheka, maana tuliogelea vibaya mno. Hata Apiyo. Alianza vizuri, halafu katikati akainua kichwa ghafla, kama zamani, akamaliza hivyo hivyo, wa nne. Ouma alikunja miguu kama mtu anayeogopa kukanyaga kitu. Baba alitembea kando ya bwawa na mwavuli wake, huku na huko. Wakati wa chakula aliwakusanya kwenye kivuli cha ukuta, nami nikiwa katikati yao na mkate wangu, akawauliza wanaona nini wakiwa ndani. Walitazamana. Apiyo ndiye aliyekubali kusema. Alisema anaona chini. Maisha yake yote ameogelea na hajawahi kuona chini, na sasa anaona jinsi palivyo mbali, na tumbo linamwambia ataanguka.

Baba alifikiri, halafu nikaona mashavu yake yanaanza kucheka kabla yeye hajacheka.

"Fumbeni macho," alisema. "Mko Ogwedhi."

Mchana kulikuwa na mbio za mwisho, za kupokezana, wanaume wawili na wanawake wawili kila chuo, na kikombe kikubwa kilikuwa cha hizo. Kamba za kugawanya njia zingewazuia kupotea. Shida ilikuwa ukuta, kwa sababu bwawa la ng'ombe halina ukuta na macho yaliyofumbwa hayauoni. Basi Baba aliwapanga wanatimu waliobaki kwenye ncha zote mbili, na mimi pamoja nao, na kazi yetu ilikuwa moja: muogeleaji wetu akikaribia, tuite ukuta kwa pamoja, kwa nguvu zetu zote.

Ouma alianza. Aliruka akiwa amekaza macho kama mtu anayekula ndimu, na alipotukaribia tuliita, "Ukuta!" naye akanyoosha mkono akaugusa, akageuka. Nikasikia mtu nyuma yangu anauliza wale wana wazimu gani. Wa pili wetu alisikia kelele akachelewa, akagonga kichwa, akaendelea nacho hivyo hivyo. Wa tatu, msichana mnyamavu wa Oyugis, aliipata nafasi ya tatu na kuishikilia kwa meno. Apiyo alipoingia majini mbele yake kulikuwa na watu wawili. Sitasahau yale mavazi ya kijani yenye mikono yakipita chini ya maji ya buluu. Kichwa kilikuwa chini, chini kabisa. Baba alikuwa anatembea sambamba naye, kisha anatembea haraka, kisha mwavuli ukaanguka na hakuuokota. Apiyo alimpita wa pili kwenye kugeuka, kwa sababu wakati huo sauti zetu zingeweza kusikika mpaka Migori. Yeye na wa kwanza walikuwa sawasawa, mkono kwa mkono, na tulipoita ukuta mara ya mwisho mimi sikuwa na sauti tena, nilikuwa nafungua mdomo tu.

Apiyo aligusa kwanza. Hakujua. Aliibuka, akashika ukingo, akafumbua macho mekundu kwa dawa, na akatuuliza sisi.

Mengine ya dakika zile yamechanganyika: Ouma amenibeba, mkate wangu umelowa, mtu analia kwa Dholuo. Ninachokumbuka wazi ni hiki. Mapema siku ile chuo kimoja kilichoshinda mbio za wanaume kilikuwa kimemtupa kocha wake majini kwa furaha, na kila mtu alikuwa ameshangilia. Sasa niliona vijana wetu wanamwendea Baba kwa mwendo ule ule. Walimshika miguu na mabega. Baba alikuwa anasema kitu lakini kelele zilikuwa nyingi, na alikuwa anacheka, na nilikuwa wa pekee pale niliyejua kwamba kile hakikuwa kicheko.

Nilikuwa nimeapa. Nilisimama na kiapo changu pale kwenye vigae vyenye maji, nikamwona anabembezwa mara ya kwanza, mara ya pili.

"Baba hajui kuogelea!"

Sauti ambayo nilidhani imekwisha ilitoka yote. Vyuo vyote vilisikia. Walimshusha Baba taratibu mpaka miguu yake ikagusa chini, na nilisikia maji yanatiririka kutoka kwenye nguo zao. Sikuthubutu kumtazama. Ni Apiyo aliyekuja akachuchumaa mbele yangu.

"Tunajua, nyar Marwa," alisema, maana hivyo ndivyo alivyopenda kuniita kwa Dholuo, binti wa Marwa, kwa jina la Baba. "Hao wanaume walisahau kwa furaha tu."

Nilimwuliza nani aliwaambia. Akasema hakuna. Mtu anayejua maji hasimami ufuoni vile. Halafu akainuka akamgeukia Baba. "Tulijua tangu mwaka wa kwanza, Mwalimu. Tulikuwa tunangoja utuambie mwenyewe."

Baba alikuwa amepauka. Alirekebisha kola ya shati lake. "Na bado mlinisikiliza?"

"Wewe ulikuwa unatuona," alisema Ouma, na mara hiyo hakuwa na utani wowote. "Sisi tukiwa ndani hatujioni."

Hakuna aliyemsukuma. Apiyo aliingia majini upande usio na kina, na Ouma akafuata, na wengine, wakasimama duara wameshikana mikono, na nafasi moja imeachwa wazi karibu na ngazi. Baba alivua viatu. Alitia soksi ndani ya viatu, akanipa saa yake niishike. Kwenye kidato cha kwanza cha ngazi alisimama, ameshika chuma kwa mikono yote miwili, na nilijua anamfikiria nani. Alisema mama yake atasikia. Apiyo akamjibu kwamba watakwenda kumwambia pamoja. Ndipo akashuka, na suruali yake nzuri na shati lenye kola, akaingia katikati yao, nao wakamlaza chali juu ya mikono yao. Alikaa hivyo macho yake yako wazi, anatazama mbingu ya Kisumu, na tumbo lake linapanda na kushuka. Watu wa vyuo vingine walipiga makofi bila kujua wanachopigia.

Baba aliendelea kuwa kocha kwa miaka mingi. Kabati la vikombe lilihamishwa kutoka ofisini likawekwa ukumbini kwa sababu ofisi haikulitosha, na waliofundishwa naye leo ni walimu Suba, Rongo, Kehancha, kila mahali, na wengi wao wanafundisha watoto kuogelea kwa kuwaambia kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Lakini kabla ya hayo yote ilibidi twende Ogwedhi.

Apiyo, Ouma na wenzao walikuja kama walivyoahidi, ingawa walikuwa wameshamaliza chuo. Baba alimweka Nyanya kwenye kigoda chake, akaweka kikombe miguuni pake, akamweleza yote kwa Kikuria huku wageni wamesimama nyuma yake wameinamisha vichwa kama washtakiwa. Nyanya alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza maji yalifika wapi. Baba akaonyesha kifua. Aliuliza ni nani waliomshika. Baba akamwonyesha, mmoja mmoja, na Nyanya akawaangalia, mmoja mmoja. Kisha akainuka akaenda kukamua.

Asubuhi alitukuta tunakunywa chai. Alizungumza kwa Kiswahili chake cha mnadani, ili kila mtu aelewe. "Mfundisheni. Mimi naona."

Basi walimfundisha pale bwawani, na yeye akiwa juu ya jiwe lake. Sina namna ya kulipamba: Baba alikuwa mwanafunzi mbaya. Alimeza maji, alipiga miguu kama anayefukuza nyuki, na Ouma alimwita kila jina isipokuwa Mwalimu. Wazee wa vigoda walirudi, na safari hii hakuna aliyetaka kumchagua. Lakini kabla wageni hawajaondoka ilifika jioni ambapo Apiyo alirudi nyuma, akaachia mikono, na Baba akaja. Alikuja polepole, kichwa juu kabisa, mdomo wazi, macho yamemtoka, akipiga mkono mmoja baada ya mwingine, kutoka upande wa miti mpaka upande wetu, na hakuna mtu aliyekuwa amemshika popote.

Alipanda ukingo kwa magoti, matope mpaka kiunoni, anahema. Nyanya alishuka kwenye jiwe. Alifungua shuka lake begani, akamwendea, akaanza kumfuta kichwa, kwa nguvu, masikio na shingo na nyuma ya masikio, kama mtoto aliyetoka kuoga karaini. Na Baba, mwalimu wa chuo, aliyeanza kuota mvi, aliinama mbele ya watu wote ili mama yake amfikie vizuri.